Mwonja Viko

Wenzangu wa karakana,

Siku mliyoniaga, mliponikalisha kwenye kile kiti cha mgeni rasmi na kunivisha khanga juu ya khanga, mliniomba niseme machache. Nikatikisa kichwa. Nikawasikia mnanong'onezana, "Leo Mama Stela ameona haya." Haya gani? Mimi niliyewapigia kelele humo ndani tangu wengine hamjui kushika tupa, leo nione haya mbele ya soda na pilau? Ulimi ndio uliokataa. Nina kidonda chini ya ulimi, upande wa kushoto, na siku ile kilikuwa kimevimba hata kumeza mate ilikuwa kazi. Pilau lenu sikulila, nililifunga nikampelekea jirani. Mtanisamehe.

Kwa hiyo naandika. Naandika habari za benchi la viko vya tumbaku, kwa sababu sasa benchi hilo ni la Zuhura, na Zuhura nampenda, na kuna jambo moja pale ambalo limeshamuua mtu mmoja na sasa limenigeukia mimi. Sitaki limfikie yeye. Mengine nitakayosema humu ni njia ya kufika hapo, lakini msiyaruke, maana njiani kuna kazi ya kujifunza.

Niliingia hapo nikiwa msichana, nimetoka Chiwata na begi moja la mkononi na viatu vya kuazima. Karakana ilikuwa ileile, ila bati lilikuwa bado linang'aa na mashine hazikuwepo, kila kitu kilikuwa tupa na patasi. Nikawekwa kwenye msasa kama mlivyowekwa wote. Vumbi la mpingo mnalijua: unapenga kamasi jeusi, unatema mate meusi, ukirudi nyumbani unaulizwa kama ulikuwa unachoma mkaa. Nikasugua tembo, nikasugua vinyago vya mababu wenye midomo mikubwa, nikasugua hadi ncha za vidole zikawa laini kama za mtoto. Siku moja Fundi Likwata akapita nyuma yangu, akasimama.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Lete mikono."

Nikampa. Akaigeuza huku na huku kama mtu anayechagua muhogo sokoni. "Vidole vyembamba," akasema. "Njoo ukae kwangu." Basi, yakaishia hapo. Hakukuwa na barua wala kikao. Ndivyo nilivyohamia kwenye benchi la viko, lile la kona, penye dirisha lililovunjika kioo, na hadi naondoka hakuna aliyetia kioo kingine.

Fundi Likwata alikuwa mtu wa Chilangala, huko juu Newala. Mrefu, mkavu, mpole wa sauti, kofia kichwani ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Wateja walimwita nang'olo, yaani mzee wa kuheshimiwa, hata kabla hajazeeka. Jambo ambalo wengi hawakulijua ni kwamba hakuvuta. Hakuwa na kiko chake, hakuwa na sigara, hata ugoro hakuugusa. Alisema moshi unamuumiza kichwa. Mtu aliyeshika viko vya wazee wa huko juu kote, kuanzia Mnyambe hadi huku kwetu Masasi, jioni yeye anakunywa chai na muhogo wa kuchemsha, kisha analala.

Ninyi mnaona kiko ni kitu cha kumuuzia mgeni akakiweke sebuleni. Miaka ile mzee bila kiko alikuwa kama ametoka bila shati. Vingine tulichonga sisi wenyewe kwa mpingo, vingine vilikuwa na bakuli la udongo na mrija wa mwanzi, vya kurithi. Mavuno ya korosho yakiisha, watu wakipata nafasi, walishuka navyo vimefungwa kwenye kitambaa na kufichwa ndani ya koti. Hakuna aliyekuja ameshika kiko mkononi wazi. Mtaona baadaye kwa nini.

Wiki zangu za kwanza hakunipa hata waya wa kuzibulia. Alinipa kiko, akasema, "Nusa."

Nikanusa.

"Kinanuka nini?"

"Tumbaku, fundi."

"Mbwa naye angejua hivyo. Nusa tena."

Jamani, nilinusa! Nilinusa hadi chakula kikapoteza harufu. Lakini alikuwa na haki yake. Kiko kinachonuka uchachu kimehifadhiwa kikiwa na majimaji ndani, mwenyewe anakitia mfukoni kabla hakijapoa. Kinachonuka mti uliochomeka kimeanza kuliwa na moto kwa ndani, na usipokiwahi, bakuli litatoboka. Kinachonuka kama kiberiti mwenyewe ametoka kupuliza salfa kwenye mikorosho, akakishika na mikono hiyohiyo. Hicho mnakifuta nje na ndani kwa kitambaa kikavu kabla ya jambo lolote, maana salfa ikipata moto inachoma koo. Zuhura, hili usilisahau, salfa bado ipo.

Sasa kazi yenyewe. Kiko cha moto hakifunguliwi. Mteja akikuletea anachokivuta njiani, kiweke kando hadi kipoe kabisa, hata kama ana haraka ya gari la Newala. Ukichomoa mrija kikiwa bado cha moto, shingo inapasuka, na lawama zitakuwa zako. Mrija unachomolewa kwa kuuzungusha, hauvutwi. Masizi yaliyoganda ndani ya bakuli msiyakwangue yote. Acheni utando mwembamba, unene wa ukucha, ndio unaoukinga mti na moto. Ukiyaacha yazidi, bakuli linapasuka kwa joto. Kwangueni kwa kisu butu. Kisu kikali kitachimba mpingo, na hapo mtakuwa mmeharibu mlichokuja kutengeneza.

Kwenye shingo ndiko uliko ule ulimbo mweusi unaonata. Maji hapana. Kwanza mpingo haupendi maji, pili huko juu maji ni ya kunywa, mteja akikuona unaosha kiko kwa ndoo atakuona mtu usiye na adabu. Sisi tulitumia nipa, ile pombe kali ya mabibo. Fundi aliinunua kwa mama mmoja, na kila mara alilazimika kuapa kwamba si ya kunywa, na kila mara mama yule alicheka. Unachovya unyoya wa kanga, unapitisha polepole, unafuta, unapitisha tena hadi unyoya utoke safi. Palipogoma, unatumia spoku ya baiskeli iliyosuguliwa ncha hadi ikawa butu. Kisha kinakaushwa kivulini, siku nzima, na nje kinapakwa nta ya nyuki na kusuguliwa kwa kipande cha khanga kuukuu. Juani kamwe. Nimeona kiko kizuri kikipasuka juani, na mwenyewe akalia mbele yetu.

Mle ndani tulikuta mambo. Mende waliokauka, mchanga, jino la mtoto. Siku moja nilitoa kikaratasi kilichokunjwa mara nyingi, kimefungwa uzi. Nikataka kukifungua. Fundi akanipiga kofi mkononi.

"Kirudishe kilipokuwa. Hicho hatujakiona."

Tukakirudisha, na mwenyewe alipokuja tukampa kiko chake.

Hapo ndipo nilipoelewa kiko ni nini kwa watu hawa. Ni kitu kinachoingia mdomoni kila siku, na mtu akitaka kukudhuru, hana haja ya kukualika chakula. Ndiyo maana kinafichwa kwenye koti. Ukimwachia fundi kiko chako kikalala kwake, umemwachia roho yako. Mnajua mwenye uraka, ile pombe nyepesi ya mabibo, anavyofanya kabla ya kuwapa wageni: anapiga funda moja mbele yao, kutoa uchawi, ndipo kata inazunguka. Basi na fundi wa viko ni vivyo hivyo. Mwenyewe anakuja na tumbaku yake, anaijaza, anaiwasha, na fundi anavuta kwanza mbele ya macho yake. Si kuweka mdomo tu. Anavuta moshi uingie, aushike, autoe. Kisha anakifuta, anampa. Swali la mteja lilikuwa moja, hata kabla ya kusalimia vizuri: "Umekionja?"

Mtu asiyevuta, huyo Likwata, msimu wa wateja wengi alivuta tumbaku ya kila aina kutoka asubuhi hadi jioni, isipokuwa adhuhuri ya Ijumaa alipokwenda msikitini. Tumbaku mbichi, tumbaku iliyooza, tumbaku ya salfa. Nilipoanza kufungua viko mwenyewe, nami nikaanza kuonja. Mara ya kwanza nilitapika nyuma ya karakana. Fundi akaniletea maji, akasema, "Pole, mama. Utazoea." Nikazoea. Wenzangu walinitania kwamba mimi, Agnes, sasa ni mzee wa kimakonde, bado ndevu tu, nami nikacheka nao.

Miaka ikaenda. Niliolewa, nikamzaa Stela, nikarudi kwenye benchi na mtoto mgongoni, nikionja huku nimegeuza uso moshi usimfikie. Halafu nikaona Fundi ameanza kutafuna upande mmoja. Muhogo akaacha, akawa anakula uji. Nikamuuliza, akasema jino. Jino gani halitoki? Siku moja alipiga mwayo mbele yangu, nikaona chini ya ulimi pana kitu cheupe, kingo zake nyekundu.

"Fundi, hilo si jino."

"Fanya kazi, Mama Stela."

Nilimwandama hadi akaenda zahanati. Wakamwambia aache kabisa mambo ya moshi, na aende hospitali kubwa akapimwe. Akarudi, akakaa kwenye kiti chake, akiwa ameshika unyoya. Kisha akasema, "Nitaacha kuonja. Mwenyewe awashe, avute mwenyewe. Watanielewa, wananijua tangu utoto."

Hawakumwelewa. Wa kwanza alikichukua kiko chake kimyakimya akaenda nacho nyumbani, tukasikia amekitupa chooni. Wa pili akauliza wazi, "Siku hizi huonji, kwani umeweka nini?" Akacheka kidogo, kicheko kile cha pembeni. Na kwa bahati mbaya mzee mmoja wa huko juu, mgonjwa wa siku nyingi, akafariki msimu huohuo, naye kiko chake kilikuwa kimepita mikononi mwetu bila kuonjwa. Ikawa habari. Bi. Somoe, mke wa Fundi, alikuwa akikaanga vitumbua Chilangala, watoto wanapanga foleni asubuhi. Asubuhi moja akakaanga, akakaa navyo, jua likapanda, hakuna aliyekuja. Kesho yake vivyo hivyo. Mtu anayesalimiwa na kijiji kizima akawa anapita na ndoo kichwani na watu wanaangalia miguu yao. Nani atawalaumu? Mimi ninawalaumu. Hadi leo ninawalaumu.

Fundi aliniambia hayo huku anakwangua bakuli, bila kuinua macho. "Mimi naweza kuitwa mchawi," alisema. "Somoe hawezi."

Nikamwambia, "Basi nitaonja mimi kwa niaba yako. Vyote."

Tulijaribu. Wengine walikubali. Lakini Mzee Nambole wa Mnyambe hakukubali. Huyu alikuwa na kiko cha mpingo chenye pete ya shaba shingoni, alikichonga Fundi mwenyewe walipokuwa vijana, na walikuwa marafiki wa jando moja. Alikuja na koti lake zito katikati ya joto, mwanawe Hamisi nyuma yake. Tukasalimiana. Akajaza tumbaku, akawasha, akamnyooshea Fundi. Mimi nikanyoosha mkono wangu.

Akakiondoa kiko. "Wewe ndiye uliyekifungua, Saidi, au huyu mama?"

"Mimi," Fundi akasema.

"Basi kwa nini aonje yeye?"

"Nina kidonda mdomoni, ndugu yangu. Nimekatazwa."

Nambole akamsogelea. Hakuwa mtu mbaya, nataka mjue hivyo. Alikuwa anaogopa, na mtu mwenye hofu hana rafiki. "Saidi," akasema kwa sauti ya chini, "Mnyambe kuna maneno. Mimi nimewabishia. Nimewaambia twende, mtaona ataonja mbele yangu. Sasa nikarudi niwaambie nini?"

Nilitaka kusema, na kwa jinsi mnavyonijua mnajua nilivyokuwa na mengi, lakini Fundi alinishika mkono chini ya benchi akaubana. Akachukua kiko. Akakivuta. Aliushika moshi kama inavyotakiwa, macho yanatoka machozi, shingo imesimama mishipa, kisha akautoa polepole mbele ya uso wa rafiki yake. Alipoondoa mrija, uzi wa damu ulitoka pamoja nao na kudondokea kwenye benchi.

Mzee Nambole akatoa kitambaa. Akaifuta ile damu kwenye mrija, akaufuta vizuri, mbele na nyuma. Akakitia kiko mdomoni, akavuta. "Sasa nimeridhika," akasema. "Allah akuponye, ndugu yangu." Akafunga koti lake, wakaondoka yeye na mwanawe kuwahi gari.

Mimi nililia. Fundi alichukua unyoya mwingine akaendelea na kiko kilichofuata, na siku ile alionja vyote.

Alipofika hospitali kubwa alikuwa amechelewa. Walimkata ulimi, karibu wote, na haikusaidia. Wakamrudisha Chilangala. Nilikuwa nikipanda kumwona kila nikipata nafasi, nikimkuta kwenye kitanda cha kamba, Bi. Somoe anamlisha uji kwa kijiko kidogo cha chai, nusu unaingia na nusu unatoka. Vitumbua vilianza kununuliwa tena. Kijiji kikawa kinamwonea huruma, maana mchawi hafi hivyo. Huruma hiyo ilinichefua kuliko yale maneno yao ya mwanzo.

Kuongea hakuweza. Lakini kila nilipofika, kabla sijaketi, alinyoosha mkono kuomba tochi yake iliyokuwa juu ya kasha. Ananiashiria nifungue mdomo. Mwanzoni nilidhani homa imempanda. Kisha nikaelewa. Alinimulika chini ya ulimi, upande huu, upande ule, kwa makini yaleyale aliyokuwa akimulika nayo shingo ya kiko kabla ya kukifunga. Akiridhika alipiga kidole mara moja kwenye tochi, kama alivyogonga bakuli kazi ikiisha. Halafu ananionyesha mdomo wake mwenyewe, anatikisa kidole. Usionje. Nikamjibu, "Sitaonja, fundi. Nimeacha." Na kweli nilikuwa nimeacha. Alikuwa hanisadiki, ananimulika tena safari nyingine.

Alikufa wakati mikorosho inatoa maua. Baada ya arobaini, ndugu wakigawana vitu, Bi. Somoe akaniita pembeni akanipa ile tochi. "Alikuwa akiionyesha kwa kidole, halafu anaonyesha njia ya Masasi," alisema. Nikaipokea. Nilitakiwa nijimulike kila wiki. Nilijimulika mwaka mmoja, miwili, nikaona mdomo msafi, nikaitumia tochi kwenda nayo bandani kwa kuku.

Benchi likawa langu, na swali likawa lilelile. Nilienda duka la dawa nikanunua ule mpira wa kuvutia kamasi za watoto wachanga. Ukiubana, ukauchomeka kwenye mrija, ukauachia, unavuta vizuri kuliko mapafu, na moshi ukitoka unaona kama mvuto ni mwepesi au mzito. Ndio huo mnaoucheka. Wazee walikasirika sana. "Kiko changu kinyonywe na mpira wa makamasi?" Wengine walicheka wakazoea. Mmoja aliniambia: "Mama, mpira huo hauna roho. Ukilishwa sumu haufi. Sasa mimi nitajuaje?" Wengi waliondoka wasirudi. Uongozi ukaniuliza kwa nini kazi ya viko imepungua, nikajibu wazee wanakufa. Na wazee kweli walikuwa wanakufa.

Nilidhani nimeponyoka. Miaka yote hiyo bila kuonja, nikadhani mwili umesahau. Mwaka huu, kabla ya kustaafu, pilipili ikaanza kuniuma mahali pamoja tu. Nikaitafuta tochi bandani, nikaifuta mavi ya kuku, nikasimama mbele ya kioo cha Stela. Kilikuwa pale. Cheupe, kingo nyekundu. Sikuhitaji mtu wa kunieleza, lakini nimekwenda, nimepimwa, nimeelezwa. Nasubiri kuitwa kwa ajili ya kukatwa. Daktari ni binti mdogo, mwema, aliniuliza, "Mama, umevuta tumbaku miaka mingapi?" Nikamwambia sijawahi kuvuta. Akaandika. Naogopa, wenzangu. Naogopa uji wa kijiko cha chai.

Nafika kwenye lile jambo langu. Wiki yangu ya mwisho, mlikuwa mnahangaika na mapambo, akaja Hamisi, mwana wa Nambole. Sasa naye ni mzee, ana koti. Baba yake alishafariki, na jina na kiko amevirithi yeye. Pete ya shaba ni ileile. Alikuwa amekiacha kisafishwe, amekuja kukichukua.

"Shikamoo, Mama Stela."

"Marahaba, baba. Kipo tayari."

Akajaza tumbaku, akawasha. Nikachukua mpira. Akakivuta kiko kwake. "Hapana, mama. Umekionja?"

Sikuwa na nguvu za kubishana. Nikafungua mdomo wangu, nikainua ulimi, nikamwonyesha. Aliangalia, nikaona ameshtuka kweli. Alikuwepo siku ile ya damu, amesimama nyuma ya koti la baba yake. Alijua anaangalia nini. Akainamisha kichwa. "Pole sana, mama yangu. Pole sana." Kisha akageuka upande wa Zuhura, akamnyooshea kiko.

"Basi aonje huyu binti."

Na Zuhura akanyoosha mkono. Simlaumu. Ni mteja, ni mzee, na binti amelelewa vizuri, mkubwa akikupa kitu unapokea kwa mikono miwili. Mrija ulikuwa umeshafika kwenye midomo yake. Niliurukia nikaupokonya, tumbaku ikamwagika kwenye benchi na kuchoma ile alama nyeusi mnayoiona. Nikamwambia Hamisi kwa ulimi huu unaovuja, "Kubali mpira uonje, au kiache." Akaacha. Aliondoka mikono mitupu.

Zuhura, mwanangu, mpira upo droo ya juu. Tochi nimeirudisha, imo humohumo, nimeitia betri mpya. Mulikaneni chini ya ndimi, wewe na wenzako, kila Ijumaa kabla ya kazi, hata wale wa msasa. Msicheke. Mkiona cheupe kisichoondoka, semeni siku hiyohiyo.

Kiko cha Nambole kimo kabatini, kwenye kitambaa cha kijani. Nilikisafisha vizuri, mvuto wake ni mwepesi. Hamisi atarudi, namjua, ni mbishi kama baba yake. Akirudi akauliza swali lake, usijibizane naye. Usikitie mdomoni hata aape, hata alie, hata akutangaze mchawi Masasi nzima. Mpe kiko chake, mwelekeze njia ya Chiwata, nilikorudi kuishi, aje na tumbaku yake. Mwambie Mama Stela yupo nyumbani, atakionja yeye.